Mwaka Huu Umejifunza Nini?

Daktari wa familia alifika kwenye tathmini yake ya mwaka akiwa hoi bin taabani. Tangu asubuhi alikuwa akiona wagonjwa, na foleni ilikuwa bado imejaa ukumbini. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa ndani ya chumba chake mwenyewe, maana kile cha daktari alikikalia mtathmini, daktari mwenzake wa kliniki nyingine, mdogo kwake kwa umri.

"Haya dada, mwaka huu umejifunza nini?"

"Nilihudhuria kozi ya kisukari, mtandaoni. Nikapitiwa na usingizi kabla hawajafika kwenye dawa."

Mtathmini alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Basi niambie chochote. Hata kisicho na cheti."

Daktari akamkumbuka bibi wa magoti. Ndivyo wauguzi walivyomwita: mjane aliyekuja kila mara kulalamikia magoti, akaondoka na vidonge vilevile. Siku moja daktari alimaliza kumpima, akashindwa kuongea. Maneno yalimwishia tu. Akakaa kimya, mikono mapajani. Bibi naye akanyamaza. Halafu, taratibu, akasema tatizo si magoti, ni mwanawe. Akilewa humsukuma, naye huangukia magoti.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namkatiza," daktari alisema. "Siku niliyochoka kuuliza ndiyo akasema."

"Ukafanyaje?"

"Nilimwomba ruhusa, nikamwita afisa wa ustawi wa jamii. Sasa anaishi kwa mdogo wake. Magoti bado yanamsumbua kidogo, lakini huo ni uzee."

Mtathmini alichukua kalamu. "Hiyo ndiyo kozi yenyewe, dada. Naiandika. Ila kuchoka si mbinu ya kazi. Likizo ulikwenda lini?"

Daktari alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Machozi yakamlengalenga, akageukia dirishani.

"Wagonjwa wangu atawaona nani?"

"Nitakuja mimi, tutasaidiana na wenzako. Bosi wako nitaongea naye. Akikataa, namtathmini na yeye."

Hapo daktari akacheka, huku akijifuta macho kwa ukosi wa koti.

Bosi alikubali kwa shingo upande. Siku ya kwanza ya likizo daktari alilala hadi jua likawa la utosi, mumewe akawa anachungulia mlangoni kuona kama anapumua.

"Nipo, baba watoto," alimwambia, akajifunika tena.