Bastola na Chetezo

Mazoon aliifunga bastola kiunoni, akashusha abaya, akatembea toka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Haionekani," alisema Musallam, mkuu wa ghala la silaha la kampuni yao ya ulinzi. "Katika hizi tatu, hii ya kati ndiyo yako. Tia saini, kesho unaanza kwa Bibi Hind kule Qurum."

Miaka sita sasa Mazoon analinda geti la duka kubwa huko Bawshar, kwa kusimama kutwa, magoti yamevimba kama maandazi. Kazi kwa Bibi Hind ni kukaa ndani ya gari yenye baridi na kumfuata arusini na matangani. Bibi ametishiwa, lakini hataki mtu ajue kuwa ana mlinzi. Wallahi Mazoon aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamruka.

Ila jicho lake lilikuwa kwa ile ya tatu pale mezani, ndogo kuliko zote. Aliichukua. Subhanallah! Kidole cha mwisho kilikosa hata pa kushika, na ndani zinaingia risasi sita. Aliigeuza taratibu, mwili ukamsisimka. Roho za watu wazima sita, na kitu chenyewe kinaenea kwenye mkoba wa wanja!

"Hiyo inapiga teke ukifyatua," Musallam alisema. "Ya nini?"

"Bwana Musallam, umewahi kuingia ukumbi wa wanawake?"

"Mie? Astaghfirullah!"

"Basi nikwambie. Sisi tukikutana tunakumbatiana. Hii ya kiunoni mtu wa kwanza tu ataigusa. Na mwisho kinapita chetezo cha udi, kila mtu anafungua abaya ajifukize. Nikikataa, ukumbi mzima utaniuliza nna nini."

Musallam alikuna kichwa. Hilo hakulifikiria, wala walioiandika fomu ya jaribio la silaha.

Mazoon aliifungua ya kiunoni, akaifunga ile ndogo mguuni, ndani ya suruali, juu kidogo ya kifundo. Jaribio lilitaka aitoe na kulenga shabaha kwa sekunde tatu. Alipoinama, magoti yakagoma. Sekunde sita.

"Umeshindwa, dada."

"Hebu ngoja. Arusini hatusimami sisi, tunakaa chini." Akakaa sakafuni, mguu kaukunja. "Haya, hesabu."

Musallam hakufika mbili. Bastola ilikuwa ishatulia mkononi mwa Mazoon, imeelekea ukutani kwenye shabaha.

"Mashallah! Tangu niajiriwe sijaona mtu kama wewe," alisema Musallam.

"Basi niandikie."

Musallam akaipekua fomu mbele na nyuma. "Inasema kusimama, dada. Sina pa kuandika kukaa. Chukua ya kiunoni, tia saini. Nani atajua?"

Mazoon aliitazama kalamu. Alitamani kulia. Akamfikiria Bibi Hind katikati ya ukumbi, siri yake imefichuka, wanawake wanapiga mayowe na kukimbilia watoto.

"Watajua wote, tena siku ya kwanza," alisema.

Akainuka na ile ndogo, bado ina joto la mguu wake, akailaza mezani polepole. Kalamu hakuigusa.

Saa nane mchana alikuwa getini Bawshar. Wanawake walipita mbele yake wakinukia udi, naye akawafungulia mlango mmoja mmoja, akasimama mpaka magharibi.