Kilo Nne za Redio

Kreni ilikuwa na ngazi ya vidato mia mbili na kumi, na kwa miaka tisa dereva wake alivipanda kila asubuhi bila mtu kumuuliza ana kilo ngapi. Kisha ikaletwa mikanda mipya ya usalama. Kila mkanda ulikuwa umeshonewa kitambaa kidogo ubavuni, na kwenye kitambaa pameandikwa kwamba mvaaji asizidi kilo mia. Mkaguzi wa usalama, mtu mpole ambaye hata akikuachisha kazi utadhani anakupa pole ya msiba, akaivuta mizani ya stoo inayopimia misumari, akampandisha dereva na viatu vyake na kofia yake ngumu, vilevile anavyopanda kazini. Mizani ikasoma mia na nne.

"Wiki tatu," mkaguzi akasema. "Ukishuka, utapanda."

"Na nisiposhuka?"

"Geti linahitaji mtu. Hata sasa hivi linahitaji."

Siku ileile dereva akakabidhiwa geti, kiti cha plastiki na filimbi. Kule juu akapelekwa mwenzake mmoja mwembamba, aliyeazimwa kutoka mradi mwingine.

Mshahara haukuguswa, kwa hiyo mtu wa mbali angeuliza msiba uko wapi. Lakini dereva huyu mtaani alijulikana kwa jina la Redio, na jina hilo hakulipata bure. Kutoka kwenye kile kibanda cha vioo cha juu ya kreni aliziona nyua zote. Alijua kwamba wale mume na mke waliotangaza wamepatana bado wanaanika nguo kwenye kamba mbili. Alijua gari la nani limeegeshwa nyuma ya nyumba ya nani, na kwa saa ngapi. Alimwona fundi bomba, aliyewaambia wateja wake wote yuko safarini, amekaa juu ya paa lake mwenyewe anamenya machungwa. Akirudi jioni, nyumba yenye watu kumi na mmoja ilikuwa ikimngoja yeye kuliko ilivyongoja chakula, na majirani wawili watatu walikuwa na kawaida ya kuja kuazima chumvi sinia linapotua tu, kisha wakasahau kuondoka. Redio bila kreni ni mtu mzima aliyekaa getini anatazama matairi. Hicho ndicho alichokiogopa, na nyumba nzima ikaogopa pamoja naye.

Kikao kilifanyika jioni hiyohiyo. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ni kinyozi na kwa hiyo ana maoni juu ya kila kitu, alisema adui anajulikana, anaitwa wanga. Amesikia kwa wateja wasiopungua sita, na mmoja wao anavaa tai. Mkate, wali, viazi, mihogo, uji, vyote hivyo ni wanga, na wanga ukishaingia mwilini unakaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Redio akauliza sasa kinabaki nini cha kula. Kinyozi akasema nyama, mayai, samaki na moyo mgumu.

Mkewe, fundi cherehani, akasema yeye hana neno, ila hampikii mtu mmoja chungu chake. Nyumba hii inakula masinia mawili: moja la mama yake na watoto, jingine la wakubwa, wali chini, mchuzi juu, kila mtu na upande wake. Asiyetaka wali auache.

Hapo ndipo palipoharibika, na hakuna aliyeona. Redio aliuacha wali kwelikweli. Mkono wake uliupita kama mtu anavyompita mkwe wa zamani barabarani, ukaenda moja kwa moja kwenye nyama. Ukarudi. Ukaenda tena. Kufikia siku ya tatu upande wa wenzake ulikuwa mweupe pe, na kinyozi alikuwa anateremsha wali mkavu kwa maji huku akimsifu shemeji yake kwa kujinyima.

Mwisho wa wiki mizani ya stoo ikasoma mia na moja. Kilo tatu zimekwenda. Habari ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Mama mkwe alimpa mkono wa pongezi, majirani wa chumvi walimzunguka na kumtazama mbele na nyuma, na kinyozi akaanza kuwashauri wateja kabla hawajaketi.

Aliyeitia sherehe maji ni mpangaji wa chumba cha uani, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa semina wiki nzima. Yeye huwa anakula nao sinia la wakubwa. Aliisikiliza hadithi ya kilo tatu mpaka mwisho, bila kukatiza, kisha akamuuliza Redio kama siku za kwanza alikuwa anakojoa sana. Redio akakubali, kwa fahari kidogo.

"Basi hayo ni maji," muuguzi akasema.

Akawaeleza kwa ufupi, kwa sababu alikuwa na njaa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na akiba hiyo hukaa imelowa kama sifongo. Ukiacha wanga ghafla akiba inatumika, maji yake yanatoka, mizani inafurahi. Mafuta yenyewe yako palepale, yamekaa yanasikiliza mazungumzo. Kinyozi akauliza kama muuguzi amewahi kumpunguza mtu yeyote kilo tatu. Muuguzi akamwambia yeye kinyozi ameongezeka, na mkanda wake umehama tundu moja. Ilikuwa kweli. Wali mkavu alikuwa anaumalizia yeye.

Wiki ya pili Redio hakuambilika hakusemezeka. Alimpulizia filimbi dereva wa lori la kokoto mpaka mtu akazima injini na kuuliza kama kuna moto. Choo kilikuwa kigumu, jambo ambalo mama mkwe alilijua bila kuambiwa, kwa kuwa choo ni kimoja na foleni ni yake. Siku moja aliinuka ghafla kwenye kile kiti cha plastiki, geti likamzunguka, akaishika nguzo. Mkaguzi alikuwa anapita. Alimwona, akasimama, akaitazama ngazi ya kreni, akaendelea na safari yake. Mizani ya wiki hiyo ilisoma mia na mbili. Kilo moja ilikuwa imerudi nyumbani.

Mkewe alipopata habari ya kizunguzungu aliweka sindano chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Maneno alikuwa ameyaoa mumewe.

"Baba watoto," akasema, "kama kizunguzungu kiko chini, kule juu je? Mimi sitaki mume mwembamba aliyeanguka."

Jioni hiyo muuguzi aliomba ruhusa ya kula baadaye. Alivuta kigoda, akakaa kando, akamtazama Redio anavyokula, kama anavyotazama dripu. Watu walidhani anamsanifu. Sinia liliposafishika akasema: "Mara sitini na mbili."

"Nini mara sitini na mbili?"

"Mkono wako umekwenda na kurudi. Wa kinyozi umekwenda ishirini na tisa, na alikuwa anagombea." Kisha akawageukia wote. "Hebu nikumbusheni. Kabla hajapelekwa getini, tukiwa tunakula hapa, mkono huu ulikuwa wapi?"

Wakafikiri. Jibu likatoka sinia la pili, kwa mama mkwe. "Ulikuwa hewani," akasema.

Siku zote Redio alikula akisimulia, na alisimulia kwa mkono. Tonge lilikuwa linapoa vidoleni akionyesha paa la huyu na dirisha la yule, na fundi bomba alipofika chungwa la nne, sinia lilikuwa limekwisha na Redio hajala robo yake. Sasa hana la kusimulia. Tangu apewe geti alikuwa anakula kimya kama mtu anayepimwa muda.

Kinyozi akaona upenyo. Kama hapa alikuwa hali, akauliza, hizo mia na nne alizipata wapi. Redio akatazama dari. Mkewe akamtazama yeye. Ikabidi aseme. Kule juu, akasema, mtu yuko peke yake kutwa, hana wa kumwambia anachokiona. Kwa hiyo alikuwa anapanda na mkate mweupe mzima na chupa ya chai, na kila akiona jambo kubwa anakata kipande. Siku za mambo mengi mkate ulikuwa unakwisha saa nne. Getini mkate ameuacha, kwa heshima ya shemeji. Chai ameiongeza, kwa sababu chai si chakula.

"Sukari vijiko vingapi?" muuguzi akauliza.

"Vitano. Vidogo."

"Vikombe?"

"Sita. Saba, likija lori la saruji."

Muuguzi akavuta pumzi. Akasema sukari nayo ni wanga, tena wanga usiokupa hata kazi ya kutafuna. Mtu huyu amewafukuza wali na viazi wasio na kosa kubwa, akamwachia mwizi mlango wa nyuma. Kisha akatoa amri zake. Wali urudi, kiasi cha ngumi yake Redio iliyofumbwa, si ya mtu mwingine. Maharage na mboga za majani avijaze, maana hivyo vinakaa tumboni na vitamsaidia kule kwenye foleni ya mama. Nyama ale fungu lake kama wengine. Chai kavu. Kazini aende kwa miguu. Na kwa kuwa katika sinia hakuna awezaye kujua ngumi ya nani imekwenda wapi, ale kwenye bakuli lake peke yake.

Hapo Redio alijikaza kisabuni. Katika nyumba ile bakuli la peke yako ni la mgonjwa. Bakuli lilipotua mbele yake, jirani wa chumvi aliliona, akasema hakai, akaondoka. Hakuwa amewahi kuondoka. Kesho yake adhuhuri mtaa ulikuwa na habari tatu: kwamba Redio ana kifua, kwamba mkewe amemtenga, na kwamba amemtenga kwa sababu ya kifua.

"Wanasema nimetengwa," Redio akamwambia mkewe.

"Sasa unajua wale wa kamba mbili walivyojisikia," mkewe akasema, akaendelea kupiga pindo.

Lakini mkono ulikuwa bado unashuka na kupanda, na bakuli lilikuwa linakwisha kabla wengine hawajanawa, kisha macho yake yanahamia siniani kwa wenzake. Mama mkwe ndiye aliyesema jambo lenyewe liko wazi. Mwenye habari akikosa habari, apelekewe. Kuanzia siku hiyo kila mtu akatakiwa kurudi jioni na kitu.

Kinyozi, ambaye husikia siri za watu ishirini kwa siku, aligundulika kuwa hajui kusimulia hata kidogo. Alianzia mwishoni. Alisema yule mwenye duka la viatu amehama, basi, akamega tonge lake.

"Ngoja kwanza, shemeji," Redio akasema. "Amehama na nani? Alibeba kitanda au hakubeba?"

Na mkono ukabaki hewani.

Hodari alikuwa mama mkwe. Bibi yule aliyekaa miaka yote kwenye sinia la watoto akiambiwa anyamaze asikie, alirudi kutoka foleni ya zahanati na habari ya mama mmoja mwenye binti wawili na mchumba mmoja, akaigawa kwa siku nne kama dawa. Kila alipofika penye uhondo alisita, akamfuta mjukuu pua. Redio aliuliza maswali mpaka maharage yakapoa. Siku ya tatu ya ule mkasa alisahau bakuli likiwa na theluthi ya wali. Mkewe aliona. Alilichukua taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni, akaenda nalo jikoni.

Siku ya kupimwa Redio alikwenda kwa miguu, mkewe kando yake amebeba kibati cha chakula cha mchana. Mkaguzi alikuwa ameshaitoa mizani. Redio akapanda na viatu na kofia. Mkaguzi akainama, akasoma, akafuta kioo kwa kidole, akasoma tena.

"Mia," akasema. "Na nusu juu yake."

Wapiga plasta walikuwa wameacha kazi. Dereva mwembamba alikuwa ameketi kwenye tofali, hana hili wala lile. Mkaguzi alitazama kitambaa cha mkanda, akamtazama mke wa mtu, akatazama saa.

"Nenda msalani," akasema, "urudi."

Redio akaenda. Alikaa huko muda ambao kila mtu aliupima kimoyomoyo. Aliporudi alipanda mizani polepole, mguu kwanza, kama anayeingia maji baridi. Sindano ikayumba, ikatua kwenye mia, haikwenda kushoto wala kulia. Mkaguzi akakisoma kile kitambaa kwa sauti. Kimesema asizidi. Mia haijazidi mia. Akatia sahihi, na akaongeza kwa upole wake kwamba watapimana kila mwezi.

Mkewe akampa kibati. Redio akakifunga kiunoni, akashika kidato cha kwanza.

"Hicho kina uzito gani?" mkaguzi akauliza.

Kibati kikawekwa kwenye mizani ya misumari: gramu mia sita. Redio akasema basi atakila hapahapa chini. Mkaguzi akasema akikila kitakuwa ndani yake, na mkanda hauulizi uzito uko upande gani wa ngozi. Redio akasema atakiacha. Mkewe akasema hakiachwi; mtu aliyeshikwa na kizunguzungu wiki iliyopita hawezi kushinda kule juu na tumbo tupu. Mkaguzi akasema hilo nalo ni suala la usalama.

Redio akapanda mikono mitupu. Alipumzika mara nne, mahali ambapo zamani alipumzika sita. Baada ya dakika kumi ndoano ikaanza kushuka, taratibu, mpaka ikasimama kifuani mwa mpiga ishara, mtu ambaye kwa miaka tisa amewaongozea wenzake vyuma vya tani mbili. Alikifunga kibati kwa mnyororo, akaukagua mnyororo. Mkewe akarudi nyuma ya utepe, kama bango linavyotaka. Mkaguzi akageuka, akawa anasoma bango lenyewe, ambalo aliliandika yeye. Mpiga ishara akainua mkono, akazungusha kidole.

Kibati kikapanda. Kikapita ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tano, kinazunguka polepole kwenye upepo, mpaka kikafika usawa wa kibanda. Mkono ukatoka dirishani na waya uliopindwa, ukakikosa, ukakikosa tena, ukakivuta ndani.

"Shemeji," mpiga ishara akamwambia mke wa Redio, bado anatazama juu, "kesho ongeza kidogo. Ni chepesi mno, upepo unakichezea."

"Hiyo ndiyo ngumi yake," akasema. "Siongezi hata punje. Tia jiwe."