Nafasi ya Kidole

Gurudumu lilikataa kuzunguka. Fundi alilisukuma kwa goti, likatoa mlio wa chuma kukwaruza chuma, kisha likakwama kama punda aliyechoka kubembelezwa.

"Si nilikwambia, mdogo wangu?" alisema, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Breki umeleta za tembo, ringi bado za swala."

Dada yake hakucheka. Watu walimwita Shangazi, jina alilopewa na wanafunzi aliowabeba kila siku katika basi lake dogo. Wiki mbili kabla, katikati ya mteremko wa kwenda shuleni, alikanyaga breki na pedali ikazama kama mguu topeni. Breki zilikuwa zimechemka. Alishusha gia, akaliegemeza basi kwenye ukingo wa udongo, likasimama limeinama upande, watoto kumi na wanne wakilia kwa sauti moja. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo, hata usingizini, mguu wake wa kulia ulikanyaga hewa.

Ndipo akanunua breki za gari zito zaidi. Mwalimu mkuu alimpa hadi Jumatatu. Asipokuwa tayari, njia ingechukuliwa na dereva mwingine, mwenye basi la breki za aina ileile iliyomsaliti Shangazi. Leo ilikuwa Jumamosi, na kalipa, vile vibanio vinavyoziminya sahani za breki, hazikuenea ndani ya ringi za zamani, vyuma vinavyobeba matairi.

"Tuzisage kalipa kidogo," fundi akashauri. "Milimita tatu tu. Nani atajua?"

"Mteremko utajua, kaka."

Shangazi alichukua boksi la sabuni, akaliweka juu ya kalipa, akalichora na kulikata kwa mkasi mpaka akapata umbo lake kamili: kimo, unene, na umbali wake kutoka pale gurudumu linapofungwa. Akalibana kwapani, akaondoka.

Muuza ringi aliitwa Kioo kwa jinsi bidhaa zake zilivyong'aa. Mteja angeweza kunyoa ndevu akijitazama kwenye ringi hizo.

"Inchi kumi na saba hizi, Shangazi. Zitaingia kama pete kidoleni."

"Pete nayo huchagua kidole."

Aliilaza ringi kifudifudi, akaingiza kipande cha boksi. Kikagota. Ukubwa ulitosha, ila mikono ya ringi, ile inayotoka katikati, ilikuwa imepinda kwa ndani, ikila nafasi ya kalipa. Ya pili nayo ikagota. Kioo akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Miaka yote hii sijaona ringi ikipimwa kwa boksi la sabuni!"

Zamani kicheko kama hicho kingemrudisha Shangazi nyumbani na chochote ambacho angepewa. Alikuwa mtu wa kuamini neno la mjuzi; kupima baada yake aliona ni utovu wa adabu. Sasa alisikia kicheko kikimpita, naye akainama kwenye ringi ya tatu. Boksi likapita, likiacha upenyo wa unene wa karatasi.

"Imepita!" Kioo akashangilia.

"Nipe kile kirisasi cha kusawazisha gurudumu." Alikibandika ndani ya ringi, akazungusha boksi tena. Likakwama pale pale. "Imepita ikiwa uchi. Ikivaa, haipiti."

Kioo aliacha kucheka. Alisogeza rundo la matairi makuukuu, akavuta ringi nne nyeusi, zisizo na mng'aro wowote, mikono yake imebinuka kwa nje kama kifua cha njiwa. Shangazi alihesabu matundu ya boliti, akasoma namba ya uzito wa kubeba iliyogongwa kwenye chuma, akaingiza boksi. Kati yake na ringi, pande zote, kidole chake kilipita bila kubanwa.

"Hizi hazina sura," Kioo akaonya.

"Sizipeleki harusini."

Gerejini, gurudumu lilizunguka kimya. Fundi alilisukuma mara ya pili, ya tatu, sikio likiwa karibu na chuma. Kisha akabaki amechuchumaa, macho kwenye sakafu.

"Kabla ya siku ile ya mteremko uliniambia pedali imelegea. Nikakujibu breki bado zina maisha."

"Nakumbuka."

"Mbona hukunilaumu?"

Shangazi alitafuta jibu lisilo uongo wala kisu. "Nilikuamini, kaka. Bado nakuamini. Lakini sasa nitapima."

Jumapili asubuhi walipakia mifuko ya mchanga, yenye uzito wa watoto kumi na wanne, wakapanda hadi kileleni. Fundi alikaa kiti cha mbele, mikono magotini. Shangazi alishuka polepole, kisha kasi kidogo, akakanyaga. Basi lilitii. Kona baada ya kona alikanyaga, na pedali ilibaki ngumu chini ya unyayo wake.

Chini kabisa, fundi alishusha pumzi. "Haya. Tumemaliza."

"Bado," alisema Shangazi, akiligeuza basi. "Kesho nitashuka na watoto wa watu. Turudie."

"Mara ngapi?"

Shangazi aliinua macho kuelekea kileleni. Fundi alimtazama, kisha akachukua spana, akashuka. Alizunguka basi zima, akikaza nati moja baada ya nyingine, bila haraka, huku dada yake akingoja, injini ikiunguruma, uso wa basi ukielekea mlimani.