Utupa wa Bi Ancha

Haya, tegua hiki: baharini ni mwizi, shambani ni mlinzi. Nani huyo?

Bi Ancha alimtegea mkwewe Carimo kitendawili hicho katikati ya kunde, panga la mkwe likiwa limeshainuliwa. Carimo ndiye mkubwa wa kamati ya wavuvi, na kamati imepiga marufuku utupa, kile kichaka ambacho majani yake yakipondwa na kutiwa majini huua samaki, wakubwa kwa wadogo. Sasa kaukuta umestawi kwa mama mkwe wake mwenyewe!

"Mama, utaniaibisha. Watu watasema kwangu tunavua kwa sumu."

"Mimi na magoti haya nikavue wapi, baba? Kata, lakini tegua kwanza."

Carimo akashusha panga. Mama mkwe habishiwi. Bi Ancha akachuja majani aliyoyaponda na kuyaloweka tangu jana, akatia sabuni kidogo, akachovya ufagio, akanyunyizia tuta moja. Kisha akampeleka kwenye tuta la juma lililopita. Vidukari vilivyojazana mashinani kama masizi vilikuwa vimekauka, na maganda yananing'inia manene.

"Mbegu hii ya kunde nilikimbia nayo wakati wa vita, nimeifunga kwenye pindo la leso," alisema, kidevu juu. "Imerudi kwao salama. Iliwe na wadudu, nami nipo?"

Carimo aliminya ganda moja, akahesabu kunde kumi na tano. Akalirudisha panga alani.

"Ni utupa, mama," alisema. "Utupa ndiye mlinzi."