Mbele ya Gurudumu

Saa tatu na robo asubuhi, upepo ulipopasua mvuke, niliona mwanga mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanga: pengo jembamba kati ya fimbo ya chuma ya gurudumu la mbele na ndoano ya mtambo unaorusha ndege. Rubani alikuwa ameshapiga saluti. Injini zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho. Niliinua mikono juu ya kichwa, nikaipishanisha: simamisha.

Kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege hakuna anayesikia. Masikio yamezibwa. Watu wa fulana za njano, kijani na nyeupe huelea ndani ya mvuke, nusu miguu, nusu mikono, na kila neno ni ishara. Bahari asubuhi ile ilikuwa na rangi ya maziwa. Sikuweza kuona inapoishia. Mimi nilikuwa mkaguzi wa mwisho. Afisa wa kurusha alikuwa Nkatha.

Haya nilimweleza mama yake miaka miwili baadaye, nyumbani kwake huko ughaibuni, Riverdale Park, Jumapili baada ya kanisa. Treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma ya nyumba, ndefu, bila haraka, na vikombe vilitetemeka kabatini. Jumatano Nkatha alikuwa anarudi melini. Mama Nkatha, muuguzi, alikuwa amekataa kumwombea kwa Mungu kabla hajajua binti yake anakwenda kufanya nini.

"Kipchumba, nyinyi Wakalenjin mnajua kukimbia, kudanganya hamjui. Huyu alifanya nini huko?"

"Mum, it was nothing, bana," Nkatha alisema.

"Nyamaza. Sijakuuliza wewe."

Nilieleza. Mtambo ukirusha ndege ambayo haijashikwa vizuri, ndege huishia majini. Lakini rubani naye hawezi kupunguza moto kwa kuona mikono yangu tu, kwa sababu mtambo ukifyatuka wakati injini zimelegea, ataanguka vilevile. Basi hungoja jambo moja. Afisa aliyetaka kumrusha hutembea hadi mbele ya ndege na kusimama hapo, kwenye njia yake. Rubani akimwona amesimama, anaamini hakuna atakayefyatua.

"Na injini zinaunguruma?"

"Zote, Mama Nkatha."

"Kitu gani kinaizuia ndege?"

"Kipande cha chuma, nyuma ya gurudumu."

"Kimoja?"

"Kimoja."

Treni ilikuwa bado inapita.

Nkatha alitembea. Nakumbuka hivyo: hakukimbia. Mvuke ulimla hadi kiunoni, ukamwachia, akawa amesimama mbele ya pua ya ndege, mdogo, fulana yake ya njano ikipigwa na upepo. Joto la injini lilifanya kila kitu nyuma ya ndege kiyumbe kana kwamba kiko chini ya maji. Aliinua mkono, akaushusha polepole. Rubani alimtazama. Kisha moto ukapungua, na sitaha ikaacha kutikisika chini ya buti zangu.

Mama Nkatha alimgeukia binti yake.

"Ulikuwa unafikiria nini pale?"

"Sikuwa nafikiria. Nilikuwa naangalia gurudumu. Kama lingesogea."

"Lilisogea?"

"Halikusogea, mum."

Mama Nkatha alivua miwani, akaiweka mezani.

"Haya," alisema. "Fumbeni macho."