Zamu ya Ipyana Kubebewa

Maji yalikuwa yamevunja ukuta wa duara la Ipyana, shimo lake la kuchimbia dhahabu, naye alikuwa chini. Nesta, dada yake, aliipata habari hiyo kwa mtu aliyekuja mbio, si kwa king'ora alichokitengeneza kwa mikono yake. King'ora kilikuwa kimya. Akatoka mbio.

Pale machimboni Saza kila duara la dhahabu lina kisanduku mdomoni, kinachopima maji ya chini. Visanduku havina waya. Kila kimoja hukipasia cha jirani habari, hadi zifike kwenye king'ora cha ofisini. Shida ni watu. Kubeba habari za wenzako kunakula betri, basi wajanja wakawa wanachomoa betri na kuwashia taa zao za kichwani. Nesta, aliyesomea hesabu za mambo hayo, akaviwekea visanduku kanuni kwa simu yake: asiyebeba za wenzake, naye asibebewe. Watu wakashika adabu.

"Na mtu akijirudi je?" Yesaya, mwenye duara la jirani, alimwuliza mkutanoni.

"Atakosea tena. Nawajua nyie!" Watu wakacheka, naye Nesta akacheka.

Mjanja kuliko wote alikuwa Ipyana mwenyewe. Jana tu alikuwa amerudisha betri. "Dada, nimekoma. Sasa nabeba za wote." Nesta alifurahi hata akamkaangia kuku. Kanuni hakuigusa. Kanuni yake haikujua mtu aliyetubu.

Alifika duarani anahema. Kisanduku cha mdogo wake kilikuwa kinawaka taa nyekundu, kinaita, kinaita. Hatua chache pembeni, kisanduku cha Yesaya kilikuwa na betri tele na hakikubeba neno lake, kama kilivyoagizwa.

"Sijasikia kitu, dada!" Yesaya alikuwa analia, kamba mkononi. "Ningemtoa mimi! Wallahi ningemtoa!"

Nesta akatoa simu, akaifuta kanuni. Papo hapo king'ora kikalia, na wachimbaji wakaja mbio kutoka kila upande na kamba na pampu. Lakini maji yalishajaa mpaka mdomoni mwa duara, yametulia, na kofia ya Ipyana inaelea juu yake.

Pampu zikanguruma. Hakuna aliyeibuka.

"Dada, zima king'ora basi," Yesaya akamsihi, ameziba masikio.

Nesta hakukizima. Alikaa kwenye udongo mbichi, simu mapajani, akaacha habari ya mdogo wake ibebwe.