Rejeta na Patu Mbili

Rejeta ilikuwa inavuja. Haikuanza leo wala jana. Ilikuwa inavuja tangu kabla ya mvua, na sasa haikuweza kutoka kijijini Natubleng kufika mlima wa kwanza bila kuomba maji mengine. Kila asubuhi Wasing Dampilag alikuta dimbwi la rangi ya manjano chini ya lori lake, kwa sababu alikuwa ameshamimina unga wa manjano mara tatu ili uzibe matundu. Matundu hayakuziba. Kilichoziba ni mirija ya ndani.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu, dizeli, la Kijapani, lililokuja kwa meli likiwa limeshachakaa, na usukani wake ulihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto na fundi ambaye hakuna aliyemjua jina. Injini bado ilikuwa na nguvu. "Moyo mzima, figo mbovu," ndivyo Wasing alivyozoea kusema.

Ukungu ulikuwa haujanyanyuka walipomaliza kupakia kabichi za Tumino, tani mbili, zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki. Tumino alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mdogo kwa Wasing kwa miaka kumi, na Jumamosi alikuwa anamwoza bintiye Jovelyn.

"Manong, kaka yangu, tutafika?" aliuliza, akipuliza vidole.

"Lori litafika. Bei ndiyo sijui."

"Jana jioni ilikuwa peso kumi na nane kwa kilo. Ikikaa hapo hapo, namlipa mtu wa mbolea elfu kumi na moja zake, na bado nanunua nguruwe wawili."

"Wawili? Kwa harusi ya mtoto mmoja?"

"Wewe ukija na tumbo lako hilo, wawili watatosha?"

Wakacheka. Tumino akarudi kusimamisha nguzo za banda la wageni. Hakuwa na haja ya kwenda sokoni. Miaka yote Wasing ndiye aliyemuuzia.

Wasing aliingia ndani. Juu ya meza zilikuwa patu mbili za shaba, zile za kupigwa kwenye ngoma za harusi, ambazo babu yake alizinunua kwa nyati. Mmoja huita, wa pili huitika. Kijiji kizima hakikuwa na nyingine. Yeyote mwenye harusi alikuja kuzichukua kwa Wasing, na Wasing hakuruhusiwa kukataa wala kudai malipo. Alipewa fungu lake la nyama tu, kama baba yake na babu yake walivyopewa. Usiku uliopita Ilyang, mkewe, alikaa na majivu na ndimu akazisugua moja baada ya nyingine mpaka masizi yote yakatoka, masizi ya meko ya watu ambao wote wameshakufa. Sasa ziling'aa kama jua.

"Jovelyn aolewe kwa vitu visafi," alisema, na alikuwa na haki ya kujisifu.

Wasing akachukua ule unaoitika, akaufunga kwenye koti lake la zamani, akauweka chini ya kiti cha lori. Aliponyanyua kichwa, Ilyang alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Unaupeleka wapi?"

"Matembezi."

"Wasing."

"Nikisalimika njiani, nitarudi nao. Nisipolazimika kuutoa, nitafurahi kuliko wewe."

Ilyang alimpa kahawa, kisha akamletea madumu matatu ya maji, akayapanga mwenyewe karibu na lile koti.

Barabara ya milimani haina huruma na gari linalochemsha. Hupandi ukamaliza, unapanda, unashuka kidogo kama kudanganywa, halafu unapanda tena. Dumu la kwanza liliisha kabla ya kona kubwa. La pili liliisha kwenye chemchemi, na hapo Wasing akalijaza upya huku mvuke ukimpiga usoni. Alikuwa anakwenda taratibu, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye geji ya joto. Malori mapya yalimpita, madereva wakimpigia honi, wengine za kumsalimu, wengine za kumtukana.

Kwenye kizuizi afisa mmoja kijana alimpungia mkono asimame. Alizunguka lori, akachuchumaa, akatazama chini.

"Mzee, lori lako linakojoa barabarani."

"Ni maji tu, bosi."

"Maji ya rangi hii? Basi lina ugonjwa wa ini." Akacheka peke yake. "Kuna faini ya kuchafua barabara. Kuna faini ya moshi. Na uzito bado sijauliza."

"Bosi, nabeba kabichi za harusi."

"Hongera kwa bwana harusi. Ukienda ofisini ni elfu mbili, na lori linalala. Ukimalizana na mimi hapa, mia tano ya kahawa."

"Kahawa gani ya mia tano? Mnakunywa na nani?"

"Tuko wengi," afisa akasema, bila kucheka safari hii.

Mfukoni Wasing alikuwa na elfu tatu na mia mbili. Akabaki na elfu mbili na mia saba.

Mshale wa geji uliingia kwenye nyekundu alipokuwa anashuka kuingia La Trinidad, mji wa soko la mboga. Hakufika sokoni. Aliliachia lori liserereke kwenye mteremko mpaka mbele ya karakana ya Dimas, fundi rejeta, na hapo likazimika lenyewe, likitoa sauti kama birika.

Dimas alikuwa mtu mnene mwenye mikono iliyoungua ungua. Alisubiri lipoe, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akachovya kidole, akanusa.

"Nani alikwambia umwage manjano? Unapika mchuzi humu?"

"Wewe."

"Mimi nilisema kijiko, Manong. Wewe umemwaga mfuko." Akagonga rejeta kwa bisibisi, na vipande vya shaba vilivyooza vikamdondokea mkononi. "Hii sichomelei tena. Nimeshaichomelea mara nne. Nikigusa hapa, panatoboka pale. Kamba hukatikia pabovu, na hii yote ni pabovu."

"Sasa?"

"Mpya ya shaba, elfu kumi na nne."

"Endelea kushuka."

"Ya mtumba, ya shaba, imetoka kwenye lori lililopinduka, mirija yake misafi, nimeipima mwenyewe. Elfu tisa na mia tano. Hiyo itakuzika wewe. Ya mwisho ni alumini, vichwa vya plastiki. Elfu sita. Na kazi na mipira ya maji, mia nane, yoyote utakayochukua."

"Na hii yangu?"

Dimas akaipandisha kwenye mizani. "Kilo nane. Lakini humu kuna risasi yangu ya kuchomelea na manjano yako. Nakupa elfu moja na mia tano."

"Nikopeshe zinazobaki."

"Manong, la mwezi wa nne hujamaliza. Dawa ya deni ni kulipa, siyo deni lingine." Alisema kwa upole, na upole wake uliuma zaidi.

Simu ikalia. Alikuwa dalali wa sokoni. Bei ya kabichi imefika peso kumi na tatu, alisema, na inazidi kushuka. Mboga za nje zinazoletwa kwa meli zimejaa Manila, wanunuzi wa bondeni wamekuja wachache. Wasing alete mzigo upesi au awalishe ng'ombe. Kukodi lori lingine la kuhamishia mzigo ilikuwa elfu tatu, na lake lingebaki limekufa pale pale.

Wasing alichukua koti chini ya kiti, akapanda gari la abiria kwenda Baguio.

Duka lilikuwa kwenye mtaa wa watalii. Ukutani walitundika mikuki, vikapu, sanamu za miungu ya mpunga. Mwenye duka, Bi Remedios, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Wasing akafungua koti. Kabla hajaulizwa, akaushika upatu kwa kamba yake, akaupiga kwa kiganja.

Sauti ikajaa duka, ikakaa, ikawa haitaki kuondoka.

"Usipige, mzee," Bi Remedios akasema. "Kuna mteja anachagua." Akavaa miwani, akaugeuza. "Nani ameusugua?"

"Mke wangu. Kuna harusi."

"Loo." Alitikisa kichwa kama daktari. "Amefuta miaka mia. Wageni wanataka weusi. Wanataka moshi. Huu sasa ni kama sinia la hotelini."

"Sauti haijafutika, madamu. Umeisikia."

"Hawanunui sauti, mzee. Wanautundika ukutani." Akauweka mezani. "Elfu tatu na mia tano."

Wasing aliangalia mkono wake mwenyewe, ule uliopiga.

"Na kama ningeuleta na masizi yake?"

"Elfu kumi na mbili. Na wala nisingebishana na wewe."

Elfu kumi na mbili zingemaliza yote. Rejeta ya shaba, kazi, na za kumtuliza Dimas kwa deni la mwezi wa nne. Wasing alisimama pale mpaka yule mteja akaja kuutazama upatu, akajiona uso wake ndani yake, akacheka, akasogea kwingine.

"Zihesabu," Wasing akasema.

Dimas alifunga ile ya alumini. Hakufanya mzaha. Alikaza kila nati, akajaza maji, akaliwasha lori na kulisikiliza.

"Tambarare itakaa," alisema. "Lakini ule mlima wako, na tani mbili mgongoni, plastiki hii..."

"Itakaa muda gani?"

"Unaniuliza mimi au unamuuliza Mungu?"

"Wewe ndiye uliyeifunga."

"Basi usipakie tani mbili."

"Nikipakia tani moja, nitakula nini?"

Dimas akafuta mikono. Hilo halikuwa la fundi rejeta.

Sokoni geji ilionyesha katikati, na kabichi zilikuwa peso sita. Wasing alijaribu kubishana, lakini alibishana na nani? Nyuma yake palikuwa na malori mengine yamesimama, na kwenye ukingo wa mto watu walikuwa wanamwaga karoti kwa koleo. Akauza. Tani mbili, elfu kumi na mbili. Mtu wa mbolea alikuwa amemtuma kijana wake akae karibu na mizani. Hakusalimia, alinyoosha mkono, akachukua elfu kumi na moja za kwanza. Hivyo ndivyo mapatano yalivyoandikwa tangu mbegu haijaota.

Wasing alirudi nyumbani na lori tupu. Lilipanda bila kuchemsha hata mara moja. Ilikuwa miezi mingi tangu alipoendesha bila kusimama kwenye chemchemi, na alipoipita, mguu wake ulikwenda wenyewe kwenye breki.

Banda la harusi lilikuwa limeshasimama, limeezekwa kwa turubai la bluu. Tumino akaja akikimbia.

"Umechelewa, Manong! Nilidhani umenitorokea na nguruwe zangu."

Wasing akampa noti moja ya elfu. Tumino akaitazama, akageuza upande wa pili, kana kwamba nyuma yake kungekuwa na nyingine.

"Ilikuwa sita," Wasing akasema. "Lori lilikufa njiani. Kama ningewahi, ingekuwa kumi na tatu."

Tumino aliikunja noti mara nne, akaitia mfukoni. Angeweza kusema maneno, na Wasing angeyastahili.

"Na nauli yako?" aliuliza mwisho. "Elfu nne zako?"

"Utanipa nyama."

"Nyama ipi, Manong?"

Hakuna aliyecheka.

"Tutachinja kuku," Tumino akasema. "Wapo. Watu watacheza tu. Nipe patu, vijana wanataka kujaribu."

Ilyang alikuwa amesikia. Akatoka na upatu mmoja, amefunika kwa kitambaa cha kichwani, akampa. Tumino akaupokea, akabaki amenyoosha mkono wa pili.

"Na mwenzake?"

Wasing akaonyesha kwa midomo, kuelekea lori.

"Umo mle."

Tumino alitazama lori. Alitazama kitini, akatazama nyuma palipokuwa tupu, kisha akatazama mbele, kwenye wavu wa rejeta, na hapo akaelewa. Akaupiga ule mmoja kwa kiganja, kidogo tu. Upatu ukaita. Wote watatu, kwa mazoea, wakasubiri.

"Walikupa ngapi?" Ilyang akauliza, Tumino alipoondoka.

"Elfu tatu na mia tano."

"Upatu wa babu? Elfu tatu? Kwa nini?"

Mikono ya Ilyang ilikuwa bado na weusi wa masizi kwenye kucha. Wasing aliiona.

"Bei imeshuka," akasema. "Leo kila kitu kimeshuka."

Rejeta na kazi, elfu sita na mia nane. Afisa, mia tano. Dizeli, mia nane. Nauli ya mzigo, elfu nne, haikulipwa. Nguruwe wawili, hawakununuliwa. Upatu mmoja.